Karakta wangu ana mdomo, mimi sina: je, kuigiza kwa kuchati kwaweza kuniondolea woga?

Binti mmoja wa Likoni, miaka 21, ameniandikia hivi (nimefupisha, na vya kumtambulisha nimevitoa):

"Assalaam aleikum anti. Mimi tangu utotoni ni mtu wa haya sana. Darasani nikiulizwa jibu nalijua lakini nameza maneno. Nikipanda matatu nashindwa kusema shukisha, nasubiri mwengine ashuke nami nishuke, kisha narudi kwa miguu. Nasomea mapokezi ya hoteli na mwezi ujao naanza kutafuta atachmenti, yale mazoezi ya kazini. Sasa kuna grupu la Telegram tunaigiza kwa maandishi, kila mtu na karakta wake, mimi ni Bi Kirembo mwenye majahazi, na anti wallahi huyo Bi Kirembo anaongea! Anabishana na matajiri, anafukuza watu bandarini, grupu zima wanamuogopa. Mamangu yuwasema napoteza bando na nimezidi kujifungia. Mimi nahisi kama yanisaidia lakini sina hakika. Je, huu mchezo wanipa ujasiri wa kweli ama nimejificha tu nyuma ya simu?"

Waaleikum salaam mwanangu. Nikujibu kabisa kabla sijaingia kwenye maneno yangu mengi, manake najijua: vyote viwili. Mchezo wakusaidia na pia wajificha, tena jioni moja hiyo hiyo kwa simu hiyo hiyo, na ukiniletea mazungumzo yenu naweza kukuonyesha mstari huu ulikuwa wajijenga, na huu ulikuwa wakimbia.

Hiyo ya matatu imenichekesha kisha ikaniuma. Nshaletewa watu wazima na shida hiyo, mwanamume na ndevu zake, kwake ni Bombolulu na anapitishwa hadi Bamburi, na hajawahi kumwambia mtu, hata mkewe anamdanganya kulikuwa na jam.

Kwetu hapa Pwani woga waweza kukaa ndani ya nguo za haya miaka ishirini na usijulikane. Haya ni sifa, sote tumefundishwa madrasa kwamba haya ni katika imani, na mtoto wa kike akikaa kimya mbele ya wageni anasifiwa, ametulia mashallah, ana adabu, basi hakuna anayemuuliza kama amenyamaza kwa kupenda ama ulimi umeganda. Mimi natofautisha hivi: mwenye haya amechagua kunyamaza na moyo wake umetulia, mwenye woga anataka kusema na hawezi, na usiku analala akiyarudia yale ambayo hakuyasema. Wewe wataka kushuka stegi yako. Hapo hamna haya yoyote, ni woga, na woga una dawa. Na msijione wachache, Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford alipoanza kuwauliza watu miaka ya 1970, karibu 40 kwa kila 100 walisema wao ni watu wa soni. Hao ni Wamarekani ambao sisi twaona wana midomo!

Sasa tuangalie woga wenyewe wafanyaje kazi, manake bila hapo hutaelewa mchezo wakusaidia wapi. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kitu ambacho ukikisoma wasema hawa watu walikuwa wameniketia kichwani. Mtu mwenye woga wa watu akiingia mbele za watu anaacha kuwatazama wao anaanza kujitazama yeye. Sauti yangu yatetemeka? Uso umebadilika? Mikono niiweke wapi? Nusu ya akili iko kazini na nusu iko mlangoni inapiga chabo. Alafu ana vijanja vyake vya kujikinga, anapanga sentensi kichwani mara kumi kabla ya kuisema, anaongea kidogo, anatazama chini, na vijanja hivi ndivyo vinavyoufanya woga usife, kwa sababu kila akisalimika anadhani kilichomuokoa ni kijanja. Hajapata kuona kwamba hata bila hicho kijanja angesalimika tu.

Kwenye kuchati mwili haupo. Hakuna mikono ya kuweka mahali, hakuna sauti ya kutetemeka, na hakuna sura za watu za kusoma kama wamekuchoka. John Suler, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika 2004 kuhusu kwa nini watu hufunguka wakiwa onlaini, na katika sababu zake ni hizo hizo, hujulikani, huonekani, na si lazima ujibu papo hapo. Hiyo ya tatu ishike vizuri ntairudia, ndiyo itakayotutoa jasho.

Juu ya hapo una Bi Kirembo, na Bi Kirembo ni mdomo wa kuazima. Watu wanaona hichi ni kitu cha vijana na simu zao lakini sisi mbona ndio wenyewe? Mwanamke hawezi kumwambia jirani neno usoni, anajifunga kanga yenye neno hilo anapita mbele ya mlango wake, ukimuuliza atakwambia mie nimevaa kanga tu. Bibi zetu kwenye vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, wakitupiana nyimbo, mwanamke ambaye nyumbani hanyanyui sauti pale alikuwa simba. Na washairi nao, Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa akirushiana mashairi na wa Lamu, maneno makali ambayo uso kwa uso huenda yangetoa majambia. Umbo la shairi lakupa ruhusa. Karakta naye akupa ruhusa ile ile, akikosea amekosea Bi Kirembo.

Madaktari wenyewe wameitumia njia hii zamani. Jacob Moreno, aliyeanzia Vienna kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1925, alijenga matibabu mazima juu ya kuigiza, mgonjwa anapanda jukwaani anaicheza shida yake badala ya kuisimulia akiwa amelala kwenye kochi. Alafu 1955 akaja mwanasaikolojia Mmarekani George Kelly na yake, ambayo mie naipenda zaidi kwa sababu haina jukwaa. Mgonjwa anaandikiwa maelezo ya mtu wa kubuni, anapewa jina lake na tabia zake, kisha mgonjwa anaishi kama huyo mtu kama wiki mbili hivi kazini na nyumbani, aone dunia inamjibu vipi. Ukifikiria, Kelly alikuwa anawapa watu karakta. Tofauti ni kwamba karakta wake alitoka mlangoni akaenda kazini, wako bado yuko Telegram.

Pia kuna Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Stanford, 2007, waliwapa watu miili ya bandia kwenye kompyuta, wengine mirefu wengine mifupi, wakawaambia wagawane pesa, na waliopewa miili mirefu wakawa wagumu zaidi kwenye kupatana bei. Lakini ile ilikuwa ya picha sio ya maandishi, kwa hivo usiibebe yote, bebea lile wazo tu kwamba ukivishwa mtu fulani unaanza kutenda kama yeye bila kujiamuru.

Basi hapo ndipo unapofaidika. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huja kuamini kuwa anaweza kwa njia nne, na iliyo kubwa kuliko zote ni kuwa amekwisha kukifanya kile kitu na akakiweza. Kuambiwa na watu "jiamini" kupo kwenye orodha lakini ni dhaifu, na mimi kila nikisikia mtu anamwambia mwenye woga ajiamini nataka kumrushia kiatu. Wewe unao ushahidi, mwanangu. Fungua mazungumzo ya grupu, rudi nyuma wiki tatu, hesabu vitu vinne: mara ngapi umeanza wewe maongezi, mara ngapi umekataa kitu, mara ngapi umeuliza swali pale ulipokuwa huelewi, na mara ngapi umekosea ukaendelea. Andika kwenye daftari, kwa kalamu. Naweza kubet hivyo viwili vya mwanzo vitakushangaza, na cha nne kitakuwa sufuri ama karibu na sufuri.

Hicho cha nne ndicho kimenifanya niandike jibu refu.

Nikuhadithie yangu. Mie nilikuwa kama wewe, mbaya zaidi, nilikuwa naenda dukani na karatasi nimeandika sukari nusu nampa mwenye duka. Mwaka 2004 hivi nikawa naingia saiba moja, duka la intaneti, pale Mapembeni, shilingi moja kwa dakika, na huko nikagundua michezo ya maandishi, wazungu wengi na Wahindi kidogo, kila mmoja ana karakta mnaandika tu, hamna picha hata moja. Baadaye sana ndipo nikajua michezo ile ilikuwa wajukuu wa MUD, mchezo uliotengenezwa 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza. Mimi nilijifanya mvuvi mzee, mkorofi, kwa Kizungu cha kubabaisha. Sasa sikiza, nilikuwa na shilingi thelathini. Dakika thelathini. Saa iko juu ya skrini inahesabu, na nikikaa dakika tano nikitafuta neno zuri hizo ni shilingi tano zimekwenda, nauli yangu hiyo. Kwa hivo nilijibu. Nilijibu vibaya, herufi zimepinda, neno silo, mara nyingine nimeelewa vibaya nikajibu kitu kingine kabisa, na yule mtu wa upande wa pili anacheka anaendelea na mchezo, na dunia haikuanguka. Miezi sita ya hivo na siku moja niko Marikiti namwambia muuza ndizi "la, hiyo ni ghali" kabla sijajua kama nimeongea.

Miaka mingi nilidhani ni yule mvuvi aliyenifungua, ukali wake. Sasa baada ya kukaa na vijana wengi wanaocheza naona ni ile saa ya saiba. Kilichonisaidia ni kuzoea kujibu kabla sijawa tayari.

Na wewe huna saa, ndiyo ile ya tatu ya Suler, si lazima ujibu papo hapo. Wewe una bando la usiku na kitufe cha kufuta. Niambie kweli, jibu moja la Bi Kirembo walichukua dakika ngapi? Kumi? Ishirini? Unaandika unafuta, unaandika unafuta, mpaka litoke kali kama wembe ndio unatuma. Hicho ni kile kijanja cha kupanga sentensi mara kumi, umekihamishia Telegram ukakipa shamba. Bi Kirembo hababaiki kamwe manake wewe nyuma yake umebabaika nusu saa na hakuna aliyeona. Kwa hivo unajifunza mambo mawili kwa pamoja, kwamba unaweza kusema, na kwamba kusema kwahitaji nusu saa ya matayarisho. La kwanza ni zuri. La pili litakuua kwenye meza ya mapokezi, mgeni amesimama mbele yako ana sanduku, ndege imemchelewesha, na maji ya moto hamna.

Ndio maana pia siwapendekezei sana watu wenye woga wachezee na zile roboti za akili bandia. Kwa kuanzia sawa, kwa mtu ambaye hata grupu la watu kumi limemshinda. Lakini roboti hakasiriki, hachoki, hakuachi ukisubiri jibu siku mbili, na hana karakta wake ambaye yeye naye anataka ang'ae. Kwenye grupu la watu lazima uombe nafasi, usubiri zamu, usuluhishe wakigombana, na hayo ndiyo mazoezi.

Kwa hivo usiache mchezo. Ubadilishe.

Kwanza jiwekee saa. Dakika mbili kwa kila jibu, wiki ijayo dakika moja, ikifika unatuma lilivyo na makosa yake, na ukiona mkono watetemeka juu ya kile kitufe cha kutuma ujue hapo ndipo dawa inapoingia. Wiki ya kwanza utaona aibu kweli, mwili utapata joto. Wiki ya pili utaona hakuna aliyegundua tofauti, na hiyo yenyewe itakuudhi kidogo baada ya miezi yote hiyo ya kufuta.

Pili mwangushe Bi Kirembo. Mfanye asahau jina la mtu, akosee hesabu ya shehena mbele ya wanaume, aombe radhi. Mchezaji mwenye woga siku zote hujipa karakta asiyeteleza, na mie naelewa, lakini wewe kushinda tayari washinda, ambacho hujakizoea ni kuteleza na kuinuka watu wakiona. Alafu waombe wenzako mcheze hadithi nyengine ya kando, hoteli ya ufuoni, wewe uko mapokezi, siku yako ya kwanza, mmoja wao awe mgeni kutoka Nairobi amelipia chumba cha kutazama bahari na amepewa cha kutazama jenereta. Mwambie asikuhurumie. Icheze mara tatu nne na wageni tofauti. Watu wa grupu hizi wanapenda sana kuwa wabaya ukiwapa ruhusa.

Tatu toa sauti. Mstari mmoja wa Bi Kirembo kwa siku uutume kama voisi badala ya kutaipu, na usiusikilize kabla ya kutuma. Nasema tena, usiusikilize.

Alafu kuna kuvuka ng'ambo, na wewe wa Likoni kwenye feri hiyo kazi waijua. Siku unayocheza, siku hiyo hiyo utoe sentensi moja nje kwa mdomo wako. Anza na matatu. Wiki ya kwanza kaa kiti cha karibu na mlango, ukimpa makanga nauli mwambie pale pale kwa sauti ya kawaida "nishukishe" na utaje stegi yako. Wiki ya pili kaa katikati useme gari ikikaribia. Ya tatu kaa nyuma kabisa. Utapitishwa mara moja mbili, ni kawaida, hata sisi wenye midomo twapitishwa, makanga wa Mombasa mziki wake wamsikia nani. Ukipitishwa sema tena. Siku ukishasema mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi watu wakageuka, hiyo siku ujipikie pilau.

Kwa interviu ya hiyo atachmenti, chukua ya Kelly. Sio Bi Kirembo mzima, tafadhali, ukiingia hotelini unafukuza watu hawakupi atachmenti. Mtoe kitu kimoja tu. Mie nikimtazama kwa hayo machache uliyoniandikia naona anachokuzidi sio ukali, ni kwamba anamaliza sentensi zake. Wewe hata kwenye barua yako umeniandikia "lakini sina hakika" ukarudi nyuma. Kwa hivo andika kadi ndogo, Bi Kirembo akiingia ofisi ya watu anaketije, anasalimu vipi, sentensi yake anaimalizaje, na wiki mbili kabla ya interviu uishi na hicho kimoja, kwa mamako, kwa dukani, darasani. Anza jambo, limalize, nyamaza.

Tukifika kwa mamako: usimwambie ni terapi atadhani umerogwa na intaneti. Kaa naye siku moja baada ya isha umsomee kipande kizuri, kwa sauti, ile ya Bi Kirembo akimfukuza tajiri, umwache acheke. Kisha kubalianeni saa za bando. Na hofu yake usiidharau, maana ana haki kwa jambo moja, kama tangu uanze mchezo watoka nyumbani mara chache kuliko zamani basi mchezo uliokuwa kivuko umekuwa nyumba na tunapunguza masaa.

Mambo ya usalama nayasema haraka maana wewe ni mtu mzima. Jina lako halisi, chuo, picha, nambari, hakuna apewaye. Kule kufunguka alikokueleza Suler kuna upande wa pili, mtu mwengine anafunguka akawa mchafu. Akitokea anayekuvuta inboksi mcheze mapenzi na hutaki, toka nje ya mchezo, andika wewe kama wewe, "sichezi hivyo", na usieleze sababu, akiendelea mbloki umwambie admini na weka skrinishoti. Kusumbua watu mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 hapa Kenya. Kama kwenye grupu kuna watoto chini ya 18 hadithi za mapenzi zisiwepo kabisa, na mtoto akisumbuliwa laini ya 116 ya watoto yapokelewa bure. Hiyo "sichezi hivyo" pia uihesabu kwenye daftari, ni kukataa kwa kweli huko, hakuna karakta wa kukufunika.

Na mwisho wa mambo, kama moyo unaenda mbio hadi pumzi zakata, au umeanza kukosa darasa, au kula mbele za watu kumekushinda, hapo mchezo na ushauri wangu havitoshi, nenda kwa daktari wa afya ya akili. Woga wa kiwango hicho umo kwenye orodha ya maradhi ya madaktari wa Marekani tangu 1980, una matibabu ya kuongea na mazoezi ya hatua kwa hatua, na wengine hupewa dawa. Sio wazimu na sio jini.

Anza leo na ile hesabu ya daftari, vitu vinne. Niandikie baada ya wiki tatu uniambie Bi Kirembo amekosea nini, na makanga alikushukisha wapi.